Nukta Mbili za Rangi ya Kucha

Lori la maji la kaka yangu lilikuwa limebadilishwa ekseli ya nyuma pale Kawangware, na asubuhi hiyo lilisubiriwa mtaa wa Soweto West, ambako mifereji ya maji ilikuwa imekauka siku tatu. Ilibaki kurudisha propela, ile nondo nene inayopeleka nguvu ya gia hadi magurudumu ya nyuma. Fundi wetu, mzee wa Kitui, alikuwa ameichomoa vipande viwili na kupaka kila kimoja nukta ya rangi ya kucha.

“Hizi nukta zitazamane,” aliniambia.

“Kwa nini, mzee?”

“Ndivyo hufanywa.”

Jibu hilo liliniwasha. Nilikuwa na digrii, na meno ya kuunganishia yalifanana pande zote. Alipoenda kunywa chai, nilivisukuma vipande jinsi vilivyokubali kuingia, nikakaza bolti.

Hatukufika hata kituo cha Satellite, hapo karibu tu. Lori lilitetemeka mpaka kaka akaligeuza turudi kwa fundi.

“Injinia, umetuletea tetemeko la ardhi?” fundi akacheka. “Ingia chini ujionee.”

Nikalala juu ya katoni. Uma wa mbele wa propela, kile kiungio chenye pembe mbili, ulikuwa umesimama, wa nyuma umelala, hivyo hakuna uliofuta mtikiso wa mwenzake. Nikamweleza.

“Kumbe! Miaka yote mimi najua tu itatetemeka.”

Tulifungua tena, nukta zikatazamana. Maji yalifika saa tisa. Akina mama waliopanga mitungi tangu asubuhi waliniuliza kwa nini tumechelewa, na kwa mara ya kwanza sikulipenda swali la “kwa nini”.