Goti la Fundi Vigae

Fundi Vigae alilea watoto wanne kwa magoti yake. Miaka nenda miaka rudi alipiga magoti kwenye mabafu na majiko ya watu, akipanga vigae mpaka sakafu ikanyooka. Mkewe alikuwa akimtania kwamba mtu anayepiga magoti kiasi kile angeshakuwa mtakatifu, ila mdomo ndio uliomponza. Hatimaye goti la kulia likagoma, madaktari wakamwekea la chuma, naye akarudi kazini akijigamba kwamba sasa ana goti lisilojua maumivu.

Lilijua. Haukupita mwaka likavimba, likawa la moto, na usingizi ukampaa. Daktari wa mifupa alimweleza bila kuzunguka: kama ni uvimbe tu, atapewa dawa na kupumzika. Kama ni bakteria waliojibanza kwenye chuma, chuma chote kitatolewa, na atakaa miezi bila goti kabla ya kuwekewa jingine, kama litawezekana. Picha za kawaida zilionyesha uvimbe, lakini hazikusema umeletwa na nini.

Hapo fundi akavimba kichwa. Binti yake wa mwisho alikuwa mchanganyaji wa dawa katika kitengo cha mionzi cha hospitali ile ile, na kazi yake alishaieleza mezani mara nyingi. Wanachukua kipande kidogo cha protini chenye tabia ya kung'ang'ania bakteria, wanakifungia mionzi kidogo, kisha wanamdunga mgonjwa. Kipande kinazunguka na damu. Kikiwakuta bakteria kinaganda hapo hapo, na kamera inaona panapong'aa. Kwenye uvimbe mtupu kinapita zake. Siku yako ikifika, baba, nitakuchanganyia mwenyewe, alikuwa amemwahidi, na fundi aliitangaza ahadi hiyo mtaa mzima.

Siku ikafika, na aliyekuja na sindano ni mwenzake binti, bwana mmoja mpole mwenye miwani. Binti mwenyewe alisimama mlangoni, akatoa shikamoo kwa mbali, wala hakuingia. Fundi aliitikia shingo upande. Alidungwa, akangojeshwa, akalazwa chini ya kamera, na muda wote alikuwa akijiuliza kama mwanawe anavionea haya viatu vyake vilivyoganda saruji, au ameshajua jambo baya na hana uso wa kumtazama. Moyo ulimuuma kuliko goti.

Walipoitwa jioni hiyo kusikia majibu, mwenye miwani naye akiwepo, binti alikwenda kukaa kona ya mbali kabisa. Daktari akageuza skrini. Goti la kushoto lilikuwa jeusi tii. La kulia liling'aa. Ni bakteria, daktari akasema, na chuma kitatolewa wiki ijayo.

Fundi aliyaona mabafu yote ambayo pengine hatayaingia tena, na machozi yakamlengalenga. Binti alipoyaona hayo alishindwa kuvumilia, akainuka aende kumshika baba yake. Mwenye miwani akamkinga kwa mkono.

"Dada, mzee bado ana mionzi mwilini. Mfikirie mtoto."

Fundi akamtazama binti yake usoni, kisha tumboni, ambapo bado hapakuonekana kitu.

"Nilitaka nije nikwambie nyumbani, baba," alisema binti huku akilia. "Wamenitoa chumba cha dawa tangu juzi. Ndiyo maana sikukuchanganyia."

Fundi alikishika kiti chake kwa mikono miwili, akajisukuma nyuma, goti bovu likiburuzika naye, mpaka kiti kikagonga ukuta.

"Kaa hapo hapo unieleze, mama," alisema. "Nakusikia vizuri."