Barua ya Mlango Unaolia

Mwandishi wa barua aliyekaa mbele ya posta ya Élisabethville hakujua njia fupi. Alichovya kalamu katika wino, akaikung'uta, akaiweka chini tena, ndipo akakuuliza habari za nyumbani, mtu mmoja mmoja, hata waliokwisha kufa. Mimi nilitaka neno moja tu kwa mke wangu Virginie, aliyekasirika akarudi kwao Sakania: Rudi.

"Ile neno banaambiaka mbwa, baba," akasema kwa sauti ya chini, kama padri kwenye kitubio. Akaandika juu ya mvua, juu ya mboga zilizoota nyuma ya nyumba, juu ya mlango wetu unaolia kila ninapoufungua. Ukurasa mzima!

"Na rudi iko wapi?" nikafoka.

Akalamba bahasha, akaifunga polepole kwa vidole vyake vyenye wino. "Iko mule ndani. Bibi yako ataiona."

Nilikwenda zangu nikimtukana moyoni. Jumamosi ya pili treni ya Sakania ikaingia. Virginie akashuka na mzigo kichwani, hakunisalimu. Mkononi alishika kichupa cha mafuta.

"Ule mulango," akauliza, "iko inalia mpaka leo?"