Kioo Kilipozimika Watu Wakiwa Chini

Mgodi wenyewe ulikuwa mdogo: duara moja, yaani shimo la kuchimbia, la mita sitini kwenda chini, winchi ya dizeli, karasha mbili za kusagia mawe, na kibanda cha mabati tulichokiita ofisi. Ulikuwa kati ya Bulyanhulu na Geita, mahali ambapo basi halifiki na bodaboda wenyewe wanalalamika. Mimi nilikuwa naishi Shinyanga mjini, nikiitwa kompyuta yao ikisumbua. Kazi hiyo nilitafutiwa na kaka yangu, ambaye alikuwa akishuka duarani hapo kila siku isipokuwa Jumapili.

Kompyuta ile haikuwa ya kuandikia barua. Ndiyo iliyoendesha pampu ya maji na feni ya kupeleka hewa chini. Maji yakipanda kupita alama, inawasha pampu, yakishuka, inazima. Muda wote inaonyesha kwenye kioo maandishi meupe juu ya weusi: maji yamefika wapi, pampu inafanya nini, feni inazunguka au la. Mbele ya kioo hicho alikaa mama mmoja wa Ushirombo, mtu mzima, rozari shingoni na simu ya winchi mkononi. Namba ikipita alama ya hatari, anapiga simu, watu wanatolewa.

Mwezi mmoja kabla ya siku ninayoisimulia, mama huyo alinivuta nje ya kibanda.

"Mwanangu," aliniambia, "yale maandishi yamekuwa madogo siku hizi."

"Mama, maandishi hayajabadilika."

Aligeuka kutazama mlango wa kibanda. Kisha akasema taratibu, "Basi ni macho. Usimwambie msimamizi. Wakijua sioni, kesho nitakuwa nyumbani."

Sikumwambia msimamizi. Nilimwambia kioo kimechoka, kinahitajika kikubwa, chenye maandishi makubwa. Nilijua nadanganya, na nilijua pia kwamba mtu asiyeona vizuri ndiye anayelinda uhai wa kaka yangu. Mambo hayo mawili yalininyima usingizi mpaka kioo kipya kilipoletwa kutoka Mwanza.

Kukiunganisha hakukuwa jambo la waya peke yake. Kiini cha mfumo wa kompyuta, kile mafundi tunachokiita kerneli, kinapoamka hushika kiendeshi, yaani programu ya kuongoza kioo, kilicho chepesi kabisa, kisichojua kitu ila herufi za saizi moja. Ukitaka herufi kubwa, lazima umlete kiendeshi wa pili, anayejua picha. Huyo anaweza kuingia mashine ikiwa inafanya kazi, akamwambia wa kwanza asogee, akashika kioo yeye. Wa kwanza haondoki. Anakaa pembeni akisubiri. Nilikuwa nimesoma hayo yote kwa makini, na nilikuwa nimeyafanya mara mbili nyumbani kwenye kompyuta kuukuu. Ndiyo maana nilimwambia msimamizi hakuna haja ya kuzima mashine wala kuwatoa watu. Watu kumi na mmoja walikuwa chini.

Saa nne kasorobo nikachomoa kioo cha zamani, nikakiweka sakafuni, nikachomeka kipya kwenye tundu lake.  Nikahifadhi kwenye faili hali ya kadi ya picha, kile kipande cha kompyuta kinachotuma picha kwenye kioo, jambo pekee nililolifanya sawasawa asubuhi ile, kisha nikaandika amri ya kumwingiza kiendeshi mpya.

Kioo kikawa cheusi.

Nilisubiri. Nikahesabu mpaka ishirini. Mama wa Ushirombo alikuwa nyuma yangu.

"Bado inawaka?" akauliza.

"Subiri, mama."

Hakikuwaka. Msimamizi, kijana mwenye sauti kubwa aliyetokea Chato, aliingia akitaka kuona kioo kipya. Alikitazama kile cheusi, akanitazama mimi.

"Imekufa?"

"Sijui."

"Maji yako wapi?"

"Sijui," nikasema tena.

Alitoka mbio hadi kwenye bomba linalomwaga maji nje. Akapiga kelele kutoka huko: bomba kavu. Lakini bomba kavu lingeweza kumaanisha maji yako chini na pampu imepumzika, au maji yanapanda na pampu haina wa kuiwasha. Hakuna aliyeweza kujua. Msimamizi akampigia mtu wa winchi aanze kuwatoa watu, wawili wawili. Kila safari ilichukua dakika kadhaa. Kisha akarudi ndani, akanyoosha mkono kwenye kitufe cha kuzimia.

"Inaganda kama simu tu. Unazima, unawasha."

Nilijitupa mbele yake. "Usiguse! Ukizima, feni inasimama na pampu inasimama. Swichi ya kuziwasha kwa mkono imeungua, unajua hivyo. Kuwaka upya ni dakika nyingi, na labda isiwake."

"Sasa si imeshakufa?"

"Sikiliza."

Tukasikiliza. Kutoka kwenye bomba la hewa, feni ilikuwa inanguruma. Nikabonyeza kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi. Taa yake ndogo ikawaka. Nikabonyeza tena; ikazimika. Kerneli ilikuwa hai, inanisikia. Ilichopoteza ni kioo tu, maana kiendeshi mpya alikuwa ameshika kioo na hajui kuongea nacho.

"Nipe nafasi," nikamwambia msimamizi. "Nenda kwenye winchi. Ukisikia feni imenyamaza, ndipo uje unipige."

Alikwenda. Sijui kwa nini alinikubalia.

Nikaanza kuandika bila kuona. Kuna faili dogo ndani ya mfumo, kila kiendeshi cha konsoli, yaani ya uso wa maandishi kwenye kioo, kina lake, linaloitwa bind. Ukiandika sifuri humo, kiendeshi anaachia kioo na yule wa zamani anarudi. Nilijua kiendeshi wangu mpya ni namba moja. Lakini kosa la herufi moja lisingeonekana. Niliandika nikitamka kila herufi kwa sauti, na mama wa Ushirombo akawa anarudia baada yangu kimyakimya, kama tunasali, ingawa hakujua maana hata ya neno moja. Nikabonyeza.

Kioo kikabaki cheusi.

Hapo ndipo nilipotaka kulia. Nje, winchi ilikuwa inaguna na mtu akaita, "Wanne!" Wanne walikuwa juu. Saba bado. Sikuuliza kama kaka ni mmoja wa wanne, niliogopa jibu.

Kisha nikakumbuka. Kiendeshi wa zamani anaandika herufi, lakini kadi ya picha, yule mpya alishaiacha kwenye hali nyingine. Herufi zinaandikwa mahali pasipoonekana. Nikaandika amri ya kumtoa kabisa kiendeshi mpya, jambo lisilowezekana kabla hajaachia konsoli. Nikaandika nyingine ya kurudisha ile hali niliyoihifadhi. Halafu nikawaza kwamba hata kioo kipya chenyewe huenda hakipatani na kadi hii ya kale.

"Mama, nipe kile cha sakafuni!"

Alikibeba kwa mikono miwili, akakipakata juu ya magoti huku mimi nikihamisha waya. Kilipepesa mara mbili. Herufi zikatokea, ndogo, nyeupe. Nikarudi kwenye ukurasa wa pampu.

Maji yalikuwa yamepita alama ya pampu. Pampu: inafanya kazi. Feni: inafanya kazi.

Nilisoma mistari hiyo mitatu mara nyingi sijui ngapi. Kutoka nje msimamizi akapiga kelele kwamba bomba limeanza kumwaga. Kompyuta ilikuwa imewasha pampu yenyewe, kama ilivyopaswa, bila kujali kama tunaiona au hatuioni.

Watu wote kumi na mmoja walitoka. Kaka yangu alikuwa wa tisa. Alinikuta nimekaa chini nje ya kibanda, matope yake yakanipaka begani.

"Kuna nini? Tulikuwa tunakula mihogo, tukaambiwa tupande. Hatukuona maji yoyote pale tulipokuwa."

Nilimshika mkono, sikuuachia. Alidhani naumwa, akaenda kuniletea maji ya kunywa.

Mwenye duara alikuja mchana. Alitukusanya wanne, mimi, kaka, msimamizi na mama, akauliza nani alaumiwe. Nikasema ni mimi. Nilipaswa kuwatoa watu kwanza, ndipo niguse mashine. Kabla sijamaliza, mama wa Ushirombo akasimama.

"Kioo hakikuwa kibovu. Ni macho yangu. Binti huyu alikuwa ananifichia siri."

Mwenye duara alimwambia akae. Alimpeleka mama hospitali Geita wiki iliyofuata, akapata miwani, lakini hakumrudisha kwenye kioo. Alimpa kuandika majina ya wanaoshuka na wanaopanda. Kijana mmoja wa Samuye akachukua kiti chake. Mimi sikuitwa kwa miezi miwili. Waliponiita tena, niliomba kitu kimoja: swichi ya mkono itengenezwe kwanza. Ilitengenezwa.

Mama nilimkuta getini na daftari. Nilimwamkia, nikamwomba radhi kwa kazi aliyoipoteza.

"Sikuipoteza," akasema. "Ile kazi ilikuwa inaniua kwa hofu kila siku. Haya, andika jina lako hapa, na saa uliyoingia."