Alama Nyeupe Mlangoni

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mekundu, katika kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, hapa Kolwezi. Mama, ambaye ni Mkasai, aliingia humo akiwa bibi arusi. Baba, sasa marehemu, alikuwa karani, mtu wa kaskazini ya Katanga. Miaka ile Wakasai walipofukuzwa Katanga, vijana walipita na brashi wakitia alama nyeupe kwenye milango ya watu wa kuondoka. Mlango wetu ulitiwa mara tatu. Kila mara baba aliamka mapema, akaipanguza na petroli kabla haijakauka, kisha akanywa chai yake. Majirani wa kushoto na wa kulia walikwenda kulala kwenye stesheni wakingoja treni. Sisi tulibaki.

Nilikua, nikapata kazi Fungurume. Halafu komine, serikali ya mtaa, ikaamua kubomoa kambi nzima ijenge maduka na ghorofa. Kamati ya kulinda majengo ya zamani ingeokoa nyumba chache tu. Mwaka mzima niliandika barua, nikapeleka picha, nikaambiwa rudi kesho mpaka nikachoka na neno kesho. Mwishowe wakakubali. Nikampigia mama simu: “Nyumba itabaki.” Kwa furaha sikuuliza wataitambuaje.

Ilikuwa itambuliwe kwa alama nyeupe mlangoni. Watu wa kamati waliitia mama akiwa sokoni, wakaenda zao bila kumwambia mtu.

Jumamosi iliyofuata nilikuta matofali chini na mama ameketi juu ya sanduku lake, sufuria zimepangwa kando. Mkubwa wa wabomoaji alinijibu bila ubaya: “Zenye alama tuliziacha, tata. Hii haikuwa nayo.”

Nikamtazama mama.

“Bale bantu ba brashi balirudia, mwana yangu,” akasema. “Mi nilipanguza na petroli, sawa vile baba yako. Sasa juu ya nini babomoe?”

Watu husema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Waseme. Mithali haijengi ukuta. Nilijikasirikia mimi, si yeye. Neno moja tu kwenye simu lingetosha.

Barua ya kamati ilikuwa mfukoni, nimeileta tuitundike sebuleni. Niliiacha humo humo.

“Mashini ilikosea, mama.”

Akaitika polepole. “Maana rangi ilikuwa bado mbichi,” akasema. “Ilitoka yote.”