Njia Tulivu ya Baba Mdogo Minani

Harufu ya dawa ya kuchua misuli ikinipitia puani, hata ikiwa ya mzee wa watu anayeumwa kiuno kwenye basi, mimi namwona baba mdogo Minani. Namwona amesimama uani kwetu kijijini Kumsenga asubuhi na mapema, kaptula imembana mpaka mama anageuza uso, anajipaka ile dawa mapajani huku mbuzi wakipiga chafya. Mbuzi wetu hawakuwa na adabu, lakini katika jambo hilo nilikuwa upande wao.

Huyu ni mdogo wake baba, tumbo moja. Alizaliwa nyumba ileile, akachunga kwenye milima ileile, akaenda Dar es Salaam, na kiangazi cha mwaka 2013 akaturudia mtu mwingine kabisa. Alikuja na baiskeli nyembamba ya gia, haina karia wala kengele, na kofia ngumu mfano wa kipande cha tikiti maji. Baiskeli isiyo na karia! Kwetu baiskeli ni ya kubeba ndizi, mihogo, mkaa, mgonjwa na bibi harusi. Baba aliizunguka, akaiinua kwa mkono mmoja, akauliza kwa upole, "Sasa hii inabeba nini?"

"Inanibeba mimi," baba mdogo akajibu. Alijibu kwa fahari, jamani, bila hata kuona haya.

Kilichomleta, kwa maelezo yake, kilikuwa kutafuta njia tulivu. Alisema kuna watu wenye uwezo wanaopenda kuendesha baiskeli milimani, mahali pasipo na magari wala makelele, na yeye angewapitisha njia za ndani kutoka Kasulu mpaka Kibondo. Basi kila siku akawa anatoka kukagua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa kiangazi kizima na mpini hakuugusa. Jioni anarudi, miguu juu ya kigoda, anatusimulia milima tuliyozaliwa ndani yake.

Kutoka kwetu kwenda zahanati kulikuwa na njia mbili. Moja ilipanda mlima tuliouita kwa Bibi Bukuru, mlima mkali kwelikweli, nyumba kushoto na kulia tangu chini mpaka kileleni. Ya pili ilizunguka bondeni kwenye mikaratusi, karibu yote tambarare, ikavuka kijito, na haikuwa na nyumba hata moja. Sisi wote tulipita mlimani. Baba mdogo alipoligundua hilo alicheka mpaka akashika mbavu.

"Waha bwana! Mnaacha njia tambarare, mnaparamia mlima na mizigo! Ndiyo maana hatuendelei."

Alichokisahau ni desturi ya mlima ule. Mtu akifika chini na baiskeli yenye mzigo, hasukumi peke yake. Aliye karibu anaacha alichokuwa anafanya, anatia mkono nyuma ya karia, wanasukuma mpaka nyumba ya pili, na hapo mwingine anapokea. Hivyo hivyo mpaka juu. Na kila nyumba ina salamu zake, kwa Kiha chetu. Mwakeye. Mwakeye neza. Watoto je? Yule mbuzi aliyevunjika mguu je? Mama alikuwa mjamzito mwaka ule, na kila tulipopita wanawake walimkagua wazi wazi, wakabishana tumbo limeshuka kiasi gani.

Mimi nilikuwa darasa la tano na salamu zile zilinichosha kuliko mlima wenyewe. Nikawa nazifupisha. Bibi Bukuru mwenyewe, aliyekaa barazani kila siku ya Mungu akimenya mihogo, alikuwa hakubali.

"Wee Jeni! Umeniona mimi kisiki? Rudi usalimie vizuri."

Nami narudi, nimenuna, nasalimia. Mama alipenda kusema mdomo ukisalimia, miguu hupumzika. Yangu haikupumzika hata siku moja.

Baba mdogo naye alipita mlima ule jioni, kwa mazoezi. Viatu vyake vilikuwa vinanasa kwenye pedeli, akisimama tu mlimani anaanguka, kwa hiyo hasimami. Anapita macho yamemtoka, mdomo wazi, anahema na kupiga kelele "Pisha! Pisha!" Hamsalimii mtu, hatii mkono kwenye karia ya mtu. Kuna siku alimpita mzee wa watu aliyezidiwa na mikungu ya ndizi, mwili umelala juu ya usukani, akamwambia asogee. Watu wakamzoea. Wakimsikia anakuja wanavuta watoto pembeni. Vijana wakawa wanampigia makofi kwa kejeli, naye bwege akawapungia.

Uchungu ulimshika mama mchana mmoja, baba akiwa amekwenda na lori kuuza maharage upande wa Nyarugusu, baiskeli yake ameiacha nyumbani. Mama aliniambia nikimbie kwa Bibi Bukuru, waje na ngobyi. Ngobyi ni machela ya kusuka ambayo watu huibeba mabegani, na ya mlima wote ilitunzwa darini kwa bibi yule. Baba mdogo akanidaka mlangoni.

"Ngobyi? Enzi hizi? Shemeji abebwe kama maiti wakati njia tambarare ipo?"

Mama alijaribu kubishana, uchungu ukamkata maneno. Akapakiwa kwenye karia ya baba, juu ya khanga zilizokunjwa, na mtaalamu akashika usukani. Mimi nikaagizwa niikokote ile baiskeli yake nyembamba, eti isije ikaibiwa. Mama anajifungua, bwana mkubwa anawaza baiskeli!

Mwanzo ilikwenda vizuri, sitamnyima haki yake. Njia ilikuwa laini, majani makavu yakivunjika chini ya magurudumu, harufu ya mikaratusi ikizidiwa na ile dawa yake ya kuchua. Mara mbili aligeuka akaniuliza, "Unaona?" Nilikuwa naona mgongo wa mama ukikakamaa.

Tukafika kijitoni. Daraja hapakuwa, na halikuwahi kuwapo. Palikuwa na mawe makubwa ya kurukia na kingo za utelezi. Baba mdogo alikuwa akifika pale kila siku anaitupa baiskeli begani na kuruka, kwake hicho hakikuwa kijito hata kidogo. Sasa alisimama. Akayatazama mawe, akamtazama mama, akayatazama mawe tena. Mama alikuwa ameshateremka, amekumbatia mkaratusi, jasho linamtiririka. Hakuweza kukaa tena kwenye karia, wala kuruka, wala kurudi kwa miguu. Na pale chini ya khanga nikaona damu. Nilijua damu haitakiwi kuja kabla ya mtoto, maana wanawake wa mlimani hawakuwahi kunificha jambo.

"Jamani, kuna mtu?" baba mdogo akaita. "Kuna mtu huko?"

Thubutu! Nilisikia maji, na majani, na pumzi ya mama.

Akavaa kofia yake, naapa aliivaa kwanza, akaifunga na kamba ya kidevuni, akapanda baiskeli yake, akashika kijia cha kuelekea mlimani. Tulingoja. Mama alikuwa akinifinya mkono kwa kucha zake na kuniambia nisilie. Alirudi peke yake, ametota jasho.

"Wamekataa," akasema. "Nimepita nawaita, mgonjwa, mgonjwa, wananipisha tu. Wengine wanapiga makofi! Watu wa huku hawana utu."

Hakuwa amesimama. Angesimama angeanguka.

Mama akafumbua macho. "Jeni, nenda wewe, mwanangu."

Nilikimbia nikiwa na hofu ambayo sijawahi kuipata tena, ya kwamba nitarudi nikute mama hanijibu. Nyumba ya kwanza nilipita. Ya pili nilipita. Hata ngobyi nimeisahau, nataka tu nifike juu kwenye wanaume. Nikampita Bibi Bukuru barazani kwake bila kumtazama. Nyuma yangu kisu kikaanguka kwenye beseni.

"Jeni hajasalimia!" Alipiga ukelele kwa Kiha, nyumba zote zikausikia. "Jeni kapita hajasalimia! Ni uchungu wa mama yake huo! Teremsheni ngobyi!"

Hakuniuliza kuna nini. Aliniuliza wapi tu, nikanyoosha mkono bondeni.

"Bondeni?" akasema. "Nani kampeleka huko kusiko na watu?"

Walishuka wakikimbia, waliotoka shambani na vumbi lao, mwenye kunyolewa akaja nusu kichwa. Waliingia majini na mama juu ya mabega yao, hakuna aliyejali mawe. Mdogo wangu Siwema alizaliwa zahanati kabla hata hatujapata pa kukaa. Nesi alitoka nje akamwambia Bibi Bukuru, aliyekuwa ameifuata ngobyi, "Mngechelewa kidogo, mngekuwa mnaulizia jeneza." Baba mdogo alikuja nyuma yetu, baiskeli begani, na jioni nilimsikia akimweleza mtu jinsi alivyomtoa shemeji nyumbani mapema. Loo! Kuna watu hata aibu inawaogopa.

Mama alipopata nguvu alimbeba Siwema akapanda naye mlima, akasalimia nyumba hadi nyumba, kutwa nzima. Nilimfuata nikinung'unika. Nilidhani anashukuru tu. Nilidhani pia kwamba Bibi Bukuru alikuwa na uchawi wa kujua mambo. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba hakuwa na uchawi wowote. Alinirudisha barazani kwake siku zote zile, nimenuna hivyo hivyo, mpaka akanijua. Siku nilipopita kimya, kimya changu kikamwambia kila kitu. Kimya cha baba mdogo kingemwambia nini, wakati kilikuwapo kila siku?

Siku hizi nikienda nyumbani nashuka kwenye bodaboda chini ya mlima, napanda kwa miguu nikisalimia. Dereva akilalamika namwambia asubiri. Bibi Bukuru haoni vizuri tena, lakini nikifupisha ananirudisha.

Baba mdogo bado yuko Dar, na bado anakuja kila kiangazi. Majuzi amenitumia tangazo lake kwenye simu: njia tulivu za milimani, hakuna magari, hakuna watu, hakuna usumbufu. Usumbufu ndio sisi. Ana umri sasa, magoti yanamsumbua, na bado anapita bondeni peke yake na kofia yake. Namwombea asianguke. Maana siku akianguka kule, nani atasema leo Minani hajapita?