Jiwe la Kusagia la Bibi Yangu

Juzi mashine ya kusaga pale Ipyana iliishiwa dizeli. Kitukuu changu akarudi na ndoo yake ya mahindi, akaitua, akasema, "Bibi, leo ugali hakuna." Na alipotua ndoo ndipo lilipo jiwe la kusagia la bibi yangu, siku hizi kuku wanalinywea maji.

Zamani za Mjerumani, mwenzangu, jiwe hilo ndilo lililonilea. Jogoo akiwika nimeshapiga magoti nasaga ulezi, mgongo unawaka. Binti wa jirani, rika langu, alichukuliwa misheni, kwenye mashine iliyozungushwa na maji ya mto. Kazi yake kumimina nafaka, basi. Viganja laini! "Hebu tuone vyako," aliniambia kanisani. "Lo! Ngozi ya kenge hii!" Nilimwonea wivu, nikaificha mikono nyuma.

Ikaja vita. Wazungu wakang'oa vyuma vya mashine, wakaondoka navyo. Askari wakatangaza: kila nyumba itoe kikapu cha unga kabla jua halijazama, isiyotoa, baba anakwenda kubeba mizigo ya vita. Na waliokwenda hawakuwa wanarudi.

Mama wa yule binti alikuwa amejifungua, hawezi kuinuka. Tukamsikia binti anasaga. Bibi akatega sikio, akasonya. "Jiwe lile linateleza. Nani kaligonga tangu mashine ije?" Maana jiwe la kusagia hugongwagongwa kwa jiwe dogo ili lipate makali. Binti hakujua, ulezi ukawa unamkimbia tu.

Akaja analia, viganja vinavuja damu. "Bibi, nifundishe."

Bibi akatazama kikapu chetu kilichokwisha kujaa, akaniambia, "Inuka."

Akamweka mahali pangu, kwenye jiwe langu. Akapiga magoti nyuma yake, akamshika mikono, akawa anamwimbia ili asipoteze mwendo. Mimi hakuniimbia hata siku moja, nilifundishwa kwa makofi. Nikazoa unga wao. Jua likigusa milima, kikapu chao kikajaa. Baba yake akabaki. "Ndaga, bibi, ndaga," binti akashukuru, na bibi akacheka.

Bibi na yule binti wote wawili wameshakufa. Mashine zimejaa Kyela na sizilaumu, wasichana wana migongo iliyonyooka. Ila juzi nilifukuza kuku, nikaligonga jiwe, nikalipangusa, nikakaa kando yake.

"Pumzika, bibi," kitukuu akasema, "dizeli inakuja kesho." Akaenda kucheza.

Yule binti simwonei wivu tena. Namwonea bibi yangu. Yeye alipata mtu wa kuja kumlilia, "Nifundishe."