Mughwai Alivyojifunza Kutafuna

Watu wa kijiji chetu, nje kidogo ya Mtinko, walimwita Mughwai mlafi, lakini walimwonea. Mlafi hula kingi. Mughwai alikula kwa haraka tu, na kwa kuwa tulikula sinia moja, tofauti hiyo hatukuiona. Ulikuwa ukifumba macho kumshukuru Mungu, uwe wa msikitini au wa kanisani, ukiyafumbua unakuta upande wako wa ugali umeshalimwa. Siku padri alipokuja kutubariki na kuanza ile sala yake ndefu, amina ya Mughwai ilitangulia, na mkono wake ukaitangulia amina.

Alizaliwa kitinda mimba katika nyumba ya wavulana wengi. Huko aliyetafuna alilala na njaa, hivyo yeye hakutafuna. Alimega, akaviringisha, akameza kama mtu anayetumbukiza barua posta.

Kabla hatujahamishiwa kijiji cha Ujamaa, hilo lilikuwa jambo la mkewe, Kristina, na wanawe. Tulipohamishwa likawa jambo la taifa. Tulilima mtama pamoja kwenye shamba la kijiji, na siku za kazi tulipikiwa pamoja, wanaume sinia lao, wanawake lao. Wanaume waliokaa sinia moja na Mughwai walirudi kwenye majembe wakiwa wepesi mno.

Gaspari, jirani yake, akalipeleka jambo kwenye mkutano wa kijiji, likajadiliwa baada ya ajenda ya vyoo. Mwenyekiti wetu, Bonifasi, alikuwa ametoka semina mjini Singida na alikuwa na maneno mapya ambayo hajapata pa kuyatumia. Alisimama akasema kwamba Mughwai ni mnyonyaji, na kwamba ubepari huanzia kwenye sinia. Mughwai akajibu kwa upole kuwa ndiyo kwanza anasikia habari za bepari mwenye magaga. Tulicheka, ila uamuzi ukapita hivyo hivyo: tangu siku ile atakula na Bibi Klara.

Bibi Klara alikuwa mjane mkongwe kuliko wote kijijini. Alibakiwa na meno mawili, moja juu na moja chini, yasiyowahi kusalimiana. Hakulima tena, alichambua mbegu kwenye banda la majembe na kupelekewa chakula chake huko. Na kwetu mdogo hatangulizi mkono mbele ya mkubwa, wala hamegi tonge la pili wakati mkubwa bado la kwanza limo mdomoni.

Mughwai aliingia bandani, akasema shikamoo, akanawa, akangoja. Bibi Klara akamega katonge kadogo, akachovya kwenye mlenda, akakaweka mdomoni na kuanza kukazungusha kutoka shavu hili kwenda shavu lile. Mughwai akameza lake papo hapo, akabaki anamtazama bibi kama mbwa anavyotazama mlango wa jikoni.

"Unafukuzwa na nani?" bibi akamuuliza.

"Hakuna, bibi."

"Basi usimeze. Niambie kwanza umekula nini."

Akasema amekula ugali. Bibi akatikisa kichwa. Akamweleza kuwa mtama ule ulivunwa ukiwa bado na unyevu, na kwamba Febronia mpishi ameunguza chungu, kisha akakoroga ukoko humo humo akidhani hakuna atakayejua. Mughwai akatafuna tonge la pili kwa kulazimishwa. Kweli, lilikuwa na moshi. Akatafuna zaidi. Chini ya moshi palikuwa na utamu mdogo, na aliushangaa. Mtu mzima, mwenye watoto, aliyelelewa kwa mtama, hakuwa anajua kuwa mtama una utamu.

Wiki za kwanza aliteseka. Baadaye akaanza kuwahi bandani. Walibishana na bibi kama kunde zimechumwa asubuhi au jana yake, na Febronia akaanza kuogopa kuwapelekea chakula.

Halafu mambo yakafika nyumbani. Jioni moja Kristina alimwandalia ugali na mlenda kama kawaida. Mughwai akachovya, akatafuna, akasita.

"Mama Samweli, mlenda huu una mchanga. Na chumvi hauna."

Kristina akaweka mwiko chini. Alimwambia kwamba mwanzoni mwa ndoa yao alimpikia kuku wa karanga, akasimama mlangoni kusubiri neno moja tu. Mughwai alimaliza, akajifuta mdomo, akauliza maji yako wapi. Kesho yake Kristina akaacha kuonja chumvi. Baadaye akaacha kuosha mboga sawasawa. Kila siku alingoja aseme, na hakusema.

"Na watoto nao wanakula mchanga huu miaka yote?" Mughwai akauliza.

"Watoto wana chungu chao," Kristina akasema.

Mughwai akanyanyuka, akaenda walikokaa watoto, akaomba. Walisogeza bakuli lao nyuma kidogo kabla ya kumpa. Mlenda ule ulikuwa na karanga na maziwa, na chumvi yake imetulia. Alikaa nao chini akala polepole. Siku ile hakusema amekosa, na Kristina hakumwambia amesamehewa. Alimwambia tu kwamba atahamia chungu cha watoto siku atakapoweza kutaja kilichomo bila kuambiwa. Kazi hiyo ilimchukua mpaka mvua zilipoanza, maana Kristina alibadilisha viungo kwa makusudi. Mwishowe jikoni pakabaki chungu kimoja, na kuku wa karanga akapikwa tena. Mughwai akamla mpaka taa ikakaribia kuisha mafuta, akimsimulia mkewe kila paja.

Adhabu yake kijijini ikafutwa, akarudishwa kwenye sinia la wanaume. Akamega tonge, akalitafuna vizuri. Alipotaka la pili, sinia lilikuwa jeupe. Kwa kumwogopa yeye, wenzake wote walikuwa wamejifunza kumeza. Akaomba arudishwe kwa Bibi Klara. Bonifasi akasema hakuna maelekezo ya mtu kuomba adhabu. Basi akaenda bila ruhusa.

Bibi Klara alimpokea akilalamika kwamba siku hizi Mughwai anachelewa, na yeye kwa umri wake hana muda wa kumngoja.

Kristina naye aliwaambia majirani kuwa mume asiyeonja ni rahisi kumlisha. Huyu wa sasa anauliza mboga imechumwa wapi, anainusa, anaitolea maoni, na wageni wanakaa na njaa wakimngoja. Walipomuuliza kama angependa arudi alivyokuwa, aliendelea kuchambua karanga za mboga ya jioni, akitoa mbovu moja moja.